Tulipu za Rubongi na Mguu Wangu wa Kushoto

Athieno binti yangu,

Ningeweza kuichomeka barua hii kwenye begi lako, katikati ya zile soksi nzito za mtumba, uikute ukiwa umeshavuka Malaba na basi linakata mbuga kuelekea milimani. Tangu Jumapili nilikuwa nimeamua hivyo. Lakini hiyo ingekuwa njia ya mwoga, na woga wangu umeshakugharimu miaka miwili. Kwa hiyo nakupa mkononi leo, uisome kabla ya kulala, ukiwa bado una nafasi ya kuja jikoni kunigombeza.

Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango, ya kutomwazima kila mtu simu yako, sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyajibu kabla sijamaliza. Hapa nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema, na kwa kuwa ni zito kwangu, nitalifikia polepole, kupitia wale fuko wetu na vile vitunguu vya tulipu. Vumilia. Unamjua mama yako, hawezi kwenda dukani bila kuzunguka soko zima.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho lugha ya nyumba hii. Kisamia changu cha Busia hukukipata, na Dhopadhola ya baba yako mimi niliishika ya kusalimia na ya kugombana tu.

Ulikuwa darasa la sita wakati yule mama wa Kizungu niliyekuwa nikimfulia nguo Tororo mjini aliporudi kwao. Mumewe alikuwa amemaliza mkataba wake wa kazi. Mpishi aliachiwa masufuria, mlinzi akaachiwa baiskeli, na mimi nikapewa mfuko wa karatasi wenye vitunguu. Nilishukuru kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaitazama baiskeli. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba hivyo si vya kula, ni vya maua ya tulipu, na kwamba lazima kwanza vilale kwenye baridi kali miezi mitatu ndipo vipandwe. Bila baridi vitatoa majani matupu. Baridi kali, Rubongi hii, ambako mwezi wa pili watu wanalala na madirisha wazi na bado wanajipepea.

Mtu mwenye akili angevitupa. Mimi nilivibeba nyumbani, na leo nadhani najua kwa nini. Nilitaka kuwa na kitu kimoja katika boma hili ambacho hakikutoka kwa ukoo wa baba yako.

Wewe unajua habari hizo nusu nusu. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na kibanda changu cha vitenge Busia, upande wa Kenya, na nia yangu ilikuwa kumaliza matanga, nikubebe mgongoni, nirudi nilikozoea. Wazee wakaniambia mjane hatoki kabla ya lumbe, ile sherehe ya mwisho ya kumaliza msiba. Akitoka kabla, amekimbia, na mtoto wake hana tena pa kulima. Nikauliza lumbe ni lini. Wakasema mavuno yakiwa mazuri. Mwaka wa kwanza mtama ulikauka. Mwaka wa pili mtama ulizaa, lakini mzee mmoja wa ukoo akafa, na huwezi kumaliza msiba mmoja huku unaanza mwingine. Ikaenda hivyo miaka saba. Hakuna aliyenifunga kamba, hakuna hata aliyenifokea. Waliniita mama, wakaniletea mihogo, wakaniezekea paa upya bila kuombwa. Ila jioni nilisikia malori yakielekea mpakani, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa, na nikajiona kama mtu aliyefungiwa kwenye ghala la mahindi.

Walau wangeniacha nitembee. Kila nilipofunga mzigo, hata wa siku mbili, nyanya yako mzaa baba aliugua. Mara kifua, mara mgongo, mara macho. Siku moja habari ilinikuta nimeshafika stendi ya Tororo, wewe umelala begani. Nikarudi mbio. Nikamkuta amekaa mlangoni anapepeta mtama. "Nimepona nilipoona wewe," akaniambia, na akacheka kwa furaha ya kweli kabisa. Nilimchukia yule mama, Athieno. Nilimchukia mpaka tukamzika. Naliandika hili sasa kwa sababu litanirudia huko mbele.

Basi vile vitunguu. Friji iliyokuwa karibu nasi ilikuwa moja tu, ya Hajati, pale dukani kwake anakouzia askari wa kambini soda. Akanipa rafu ya chini. Kila nilipopita aliniita.

"Mama Athieno, hii vitunguu yako nalala kama mgonjwa. Itaamka lini?"

"Miezi mitatu, Hajati."

"Miezi tatu! Mimi tangu naolewa sijalala hata masaa tatu."

Mkamwana wake alikatia viwili kwenye kachumbari. Wateja wawili wakaumwa tumbo, na lawama wakabebeshwa samaki. Vilivyobaki tukavipanda mvua zilipoanza, ubavuni mwa nyumba penye kivuli. Vikatoa majani mazuri, na katikati ya kila mche kijiti kidogo kilichokauka kabla hakijafunguka. Tukadhani ni joto. Miaka baadaye wewe ndiye uliyesoma kwenye simu kwamba matunda yanayoiva hutoa hewa inayoua ua ndani ya kitunguu kikiwa kimelala, ukakumbuka zile ndizi na matunda ya pasheni alizokuwa Hajati akiziweka rafu hiyohiyo. Sisi tulifikiri tunaviwekea jirani mwema.

Mwaka uliofuata tulivichimbua, tukavirudisha kwenye friji ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na umeme ukikatika ulikuwa ukikimbia na barafu kwenye ndoo. Nilikuona ukikimbia hivyo nikawa najiuliza huyu mtoto amerithi kwa nani ukaidi huu. Vikaota vizuri zaidi. Kisha fuko wakaja. Jioni unaacha mche umesimama, asubuhi unakuta umevutwa chini na ncha ya jani tu imebaki nje. Uliketi ukalia, mtoto mkubwa wa darasa la saba.

Ndipo nikamwita mzee Owere, yule mtega fuko wa Kirewa, aliyekuwa akizunguka na baiskeli na fimbo zake. Nilikuwa nimechemsha mihogo ya chambo. Naona unakumbuka alivyocheka.

"Mihogo kula wewe na mtoto," akasema. "Huyu hapana shika na njaa. Chakula yake iko mingi huko chini."

"Sasa anashikwa na nini?"

"Na nyumba yake."

Akachimba mpaka akaifikia njia ya fuko, akaiacha wazi, akatega kitanzi cha waya ndani yake, kamba ikapanda hadi kwenye fimbo aliyoikunja na kuichomeka ardhini. Halafu akatueleza, akikuelekea zaidi wewe kwa sababu ulikuwa umechuchumaa karibu naye. "Mimi nafungua mlango tu. Upepo naingia, mwanga naingia. Yeye hapana weza kaa na mlango wazi. Yeye mwenyewe nakuja na udongo kuziba, nasukuma, nakata kamba. Fimbo naruka. Amekwisha."

Wewe ukamuuliza, "Na akiacha wazi, asije?"

Mzee akafikiri. Sikutegemea angefikiri, lilikuwa swali la mtoto. "Akiacha wazi, akachimba njia ingine, mimi narudi Kirewa mikono tupu," akasema. "Lakini tangu nikiwa kijana natega, hapana moja amewacha. Hata moja."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani ya mihogo. Nilienda nyuma ya jiko nikakaa chini. Mara zote nilizorudishwa kutoka stendi, mara zote nilizofungua mzigo kwa sababu ya paa, ya mbuzi, ya kifua cha nyanya, nilikuwa nimewalaumu wao. Ni kweli walikuwa wakifungua tundu. Lakini aliyekuja mbio na udongo mikononi alikuwa mimi. Wakati huo lumbe ilikuwa imeshafanyika, nyanya yako ameshazikwa, na hakuna mtu duniani aliyenizuia, na bado nilikuwa hapa. Kibanda changu Busia kilikuwa cha mtu mwingine. Walipokuja kunifungulia, sikuwa tena na pa kwenda, au niseme kweli, sikuwa tena na hamu ya kutafuta.

Owere akanasa wawili. Mimi sikutosheka. Nikatandika waya wa kuku chini ya tuta lote na pembeni, juu ya waya nikaweka magunia mawili ya plastiki, ili hata mnyoo asipite. Hakupita mnyoo, na maji pia hayakupita. Vitunguu vikaoza humo ndani, nikivilinda. Kilichopona ni kile ulichokuwa umekiiba bila kuniambia, ukakipanda kwenye sufuria bovu lenye matundu, ukaliweka juu ya matofali nyuma ya choo. Kikatoa ua jekundu. Siku nne tu, kisha joto likalimaliza, lakini katika siku hizo nne askari walitoka kambini kuja kupiga picha, na Hajati akasimama mbele yake akasema, "Kwa hii kitu kimoja nimenyima soda yangu nafasi," halafu akabaki amesimama mpaka akasahau amefungua duka.

Hutanisikia nikisema kwamba wewe ni kitunguu cha tulipu na unahitaji baridi ili uchanue. Naiona picha hiyo inanijia na ninaifukuza, najua ungeisoma kwa sauti huku unacheka. Ninachosema ni kwamba kazi yako ilianzia nyuma ya choo chetu, bila msaada wangu, na karibu niiue kama nilivyoua vile vingine.

Sasa nimefika.

Miaka miwili iliyopita ulipopata kazi kwenye lile shamba la maua, kule milimani Kenya kunakolazwa vitunguu kwenye vyumba vya baridi, ulikaa wiki tatu. Wiki ya tatu nilikupigia nikakuambia nimeanguka, nimevunjika mguu. Ulirudi kesho yake. Nafasi yako ikapewa mwingine.

Nilianguka kweli. Nilijikwaa kwenye kifusi cha fuko, mguu ukavimba. Siku ile ulipofika mguu ulikuwa bado umevimba kidogo. Siku ya tatu ulikuwa umepona. Athieno, haukuwahi kuvunjika. Nilichechemea mwezi mzima kwa mguu mzima. Ulikuwa ukinikanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, umepiga magoti sakafuni, na mimi nilikuwa nikikunja uso na kusema polepole hapo, panauma. Hukuniuliza hata mara moja kwa nini sikwenda hospitali kupigwa picha. Nilikuwa na jibu tayari, na halikuhitajika.

Hajati alijua mapema. Alinikuta kisimani akanitazama miguu, akasema, "Jana ilikuwa ya kushoto. Leo iko ya kulia?" Nilibeba mtungi wangu nikaondoka, na kwa hasira nikatembea sawasawa kabisa.

Na nadhani wewe pia ulijua. Siku ile mbuzi alipoingia kwenye nguo zako nilizoanika, nilitoka mbio nikamfukuza mpaka kwenye mihogo, na nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni na beseni la maji ya chumvi. Tulitazamana. Ukaingia ndani, ukayamwaga maji, na tangu siku hiyo hukunikanda tena. Miaka miwili umeuza nyanya na mimi soko la Tororo, hukusema neno. Ningefurahi ungenitukana. Kunyamaza kwako kumenielemea kila asubuhi nikikuona unapanga nyanya mafungu mafungu kwa ile mikono iliyojua kuamsha ua kutoka usingizini.

Sitaki unisamehe kwa haraka kwa sababu unasafiri. Nataka tu ujue kwamba sikufanya kwa ajili ya njaa, wala kwa hofu ya ukoo, wala kwa mguu. Nyumba ilikuwa kimya. Kijiko kikianguka, hakuna anayeuliza ni nini. Nilikaa wiki tatu nikisikiliza ukimya huo, na siku ile nilipoanguka, nikiwa bado chini kwenye udongo, jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa furaha. Nilipata sababu. Nyanya yako nilimchukia miaka yote ile kwa kosa hilohilo, na sikuchukua hata wiki nne kulirudia. Najua sasa kwamba alipocheka na ungo wake mlangoni hakuwa akinicheka. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na yeye mwenyewe alikuwemo.

Wale watu wa shamba wamekuita tena, jambo ambalo sikulitegemea na sikulistahili. Usidhani kwamba mama yako wa leo ni tofauti na yule wa miaka miwili iliyopita. Nimejichunguza. Nikilikunja godoro lako kesho nitaanza kuhesabu wiki, na nitatafuta pa kuangukia. Paa litavuja. Mtu wa ukoo atasogeza mpaka wa shamba kwa hatua mbili. Mimi nitakupigia, na sauti yangu itakuwa ya kweli kwa sababu nitakuwa nalia kweli. Zungumza nami. Nipe pole. Nicheke ukiweza. Halafu kata simu urudi kwenye vyumba vyako vya baridi, uache tundu wazi. Shamba likipungua hatua mbili, limepungua. Mimi nililinda hatua hizo mbili miaka yangu yote, na hakuna siku hata moja niliyozipenda.

Kwa ugonjwa wa kweli nimekubaliana na Hajati. Habari yangu itatoka mdomoni mwake tu. Nilimwambia yote, mguu na mbuzi na beseni, akasikiliza mpaka mwisho huku anapanga chupa. "Sawa," akasema. "Kama wewe nakufa ya kweli, mimi napigia mtoto simu. Kama nakufa ya uongo, mimi nakuja kukaa na wewe mpaka iishe." Kwa hiyo ukiona namba yake, njoo. Ukiona yangu, pokea tu.

Kuhusu mimi, sijui. Unaniambia nitoke, nikatembee Busia, nikaone kama nafasi ya kibanda inapatikana. Naweza kukudanganya kwamba nitafanya hivyo, ili usafiri na moyo mwepesi. Lakini barua hii nimeikusudia isiwe na uongo. Huenda sitatoka. Mlango wangu umekuwa wazi miaka mingi na nimezoea kuutazama tu. Usiutazame pamoja nami. Hiyo si kazi ya mtoto, na mimi niliyekuwekea kazi hiyo tangu ukiwa na miaka minne sikuwa na haki.

Boda atakuja saa kumi na moja alfajiri. Nitakuwa nimeamka kabla yako, nimewasha moto, na nitakuambia ungoje kidogo chai ichemke. Nitasema ni dakika mbili tu, na kwamba basi haliondoki saa hizo. Nitakuwa nimetia maji mengi kwenye sufuria, na kuni nitazichagua mbichi.

Usingoje, mwanangu.

Mama yako